Katiba ya Simu ya Asubuhi

Selipher alikuwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, magoti ya miaka sitini, na ikama, kadi ya ukaazi, iliyomtaja kuwa mfanyakazi wa nyumbani. Ikama haikutaja kwamba alikuwa ametunga katiba. Hatuwezi kuilaumu, kadi ni ndogo.

Alitoka Butere, na huu ulikuwa mwaka wake wa saba katika jumba la Madam Safa, mtaa wa Al-Hamra, Jeddah. Bahari ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Yeye aliiona siku za kufuta madirisha ya juu. Hakupigwa, hakunyimwa chakula, na siku ya Ijumaa alasiri aliruhusiwa kutoka hadi magharibi, jambo ambalo wenzake walilisimulia kama watu wanavyosimulia harusi ya kifalme.

Katiba ilimjia kupitia Hana, binti wa Madam Safa. Hana alisoma shule ya kimataifa yenye mtaala wa Kimarekani na akachagua somo la serikali ya Marekani kwa sababu rafiki zake wawili walilichagua. Madam Safa hakumwamini binti yake akiwa peke yake na simu. Akatoa amri: kila alasiri Hana akae kwenye meza ya jikoni, Selipher ashike kadi zenye swali upande mmoja na jibu upande wa pili, amuulize moja moja hadi kadi ziishe. Mwaka mzima wa shule ukapita hivyo, huku Selipher akimenya vitunguu na kuhoji.

"Nani anatunga sheria?"

"Bunge."

"Nani anatekeleza?"

"Rais."

"Wakikosana?"

"Mahakama."

"Na mahakama yenyewe ikikosea?"

Hana akaangalia dari. "Hiyo haiko kwenye kadi."

Selipher alivutiwa hasa na kadi ya wale watu hamsini na watano waliojifungia Filadelfia kiangazi kizima, madirisha yamefungwa kwa ajili ya siri, joto likiwakaanga, hadi wakatoka na serikali. Yeye alijua wanawake waliofungiwa kiangazi kizima wakatoka na tiketi ya ndege tu. Alipenda pia kwamba watu wale hawakuaminiana hata kidogo, na badala ya kulificha jambo hilo wakaligeuza kuwa mpangilio: huyu amchunge yule, na yule amchunge huyu. Kadi moja tu hakuielewa.

"Hapa wanasema mtumwa alihesabiwa tatu ya tano. Ya nani?"

"Ya mtu," alisema Hana. "Yalikuwa maafikiano."

Selipher akageuza kadi iliyofuata.

Hana alifaulu mtihani kwa alama nne kati ya tano. Selipher hakutahiniwa.

Sasa, wanawake wa Kenya waliotawanyika katika majumba ya Jeddah na Riyadh walikuwa na kikundi chao cha WhatsApp kiitwacho Simu ya Asubuhi. Walikuwa sitini na wawili, na kazi ya kikundi ilikuwa moja tu. Kila mwanachama, kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alituma sauti yake. Hata kikohozi kilitosha. Aliyekosa asubuhi mbili mfululizo alitafutwa. Mwisho wa utafutaji alikuwepo Bwana Mubarak, muuza vitambaa wa Balad, mtu wa makamo aliyezaliwa Jeddah na wazazi waliotoka Unguja baada ya mapinduzi ya sitini na nne. Kiarabu chake cha Hijazi kilimfanya kafili yeyote, yaani mwajiri mdhamini, aketi vizuri kabla ya kujibu. Yeye ndiye aliyetunza orodha ya namba za makafili, na yeye ndiye aliyepiga.

Mwanzilishi na mwenyekiti wa kwanza alikuwa Priscah, mwanamke mwenye moyo mkubwa na kidole gumba chepesi. Aliyeuliza maswali mengi alijikuta nje ya kikundi kabla hajaweka alama ya kuuliza. Wakavumilia, mpaka siku simu ya mwenzao Risper ilipotumbukia kwenye ndoo ya kupigia deki. Asubuhi ya pili ya ukimya, Priscah akamwamuru Bwana Mubarak apige. Kafili akapokea, akamsikiliza hadi mwisho, kisha akajiuliza jambo moja: watu hawa wameijuaje nyumba yangu? Siku ya nne Risper alikuwa ndani ya ndege ya Nairobi, mzima wa afya, hana kazi.

Kikundi kikaasi. Wakamwendea Selipher, kwa sababu ilisemekana alikuwa anasoma mambo ya serikali. Kwa wiki tatu, kati ya pasi na sufuria, akaandika vifungu tisa. Mwenyekiti awe wa miaka miwili, asiwe na uwezo wa kumtoa mtu. Kanuni zitungwe na wanachama wote. Awepo jaji mmoja anayeishi mbali, asiyekula sahani moja na mwenyekiti. Wakamteua Bi Badriya, mshona abaya wa Batha, Riyadh, naye pia mtoto wa Waunguja. Bi Badriya alikubali kwa sharti kwamba asiitwe Mheshimiwa. Na kifungu cha saba, kilichopigiwa makofi marefu kuliko vyote, kilisema hivi: *Kafili wa mwanachama hatapigiwa simu ila kwa ruhusa ya mwanachama mwenyewe.*

Hakuna aliyeuliza itakuwaje kama mwanachama hawezi kutoa ruhusa. Watu wenye hasira na mwenyekiti mmoja huandika sheria ya mwenyekiti huyo. Wakamchagua Selipher kushika kiti, Priscah akawa makamu, na katiba ikalala kimya miezi mitano.

Ilikuwa Alhamisi ya mwezi wa nane. Winfred, msichana wa Kitale aliyefanya kazi kaskazini mwa Riyadh, alikuwa na salamu moja ya kila siku: "Winfred hapa, mzima, chai haina sukari." Jumanne aliituma. Jumatano hakuituma. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu ikafika ikapita, na Selipher akasimama mbele ya jiko akisikiliza sauti za watu sitini, akitafuta ya sitini na moja.

Hakuweza kupiga hadi saa mbili, Madam Safa alipomaliza kifungua kinywa. Alijifungia chumba cha kufulia, akawasha mashine ili ilie.

"Bwana Mubarak, salaam aleikum. Ni Selipher. Nataka umpigie kafili wa Winfred."

"Wa aleikum salaam, dada. Ruhusa yake iko wapi?"

"Hajasema neno tangu juzi. Si ndio maana nakupigia?"

"Kifungu cha saba, dada yangu."

"Nakijua kifungu cha saba! Nimekiandika mimi!"

"Basi wajua kinasema nini." Aliposema hivyo hakuwa na kejeli, alikuwa na huzuni. "Karatasi yenu ninayo hapa ukutani, kando ya kalenda. Mlinipa mkanitaka nitie saini, nikatia. Mara ile nilipiga kwa sababu mwenyekiti aliniamrisha, na yule binti akarejeshwa kwao. Leo mwenyekiti ananiamrisha tena. Kilichobadilika ni jina."

"Mtu anaweza kuwa anakufa, Bwana Mubarak."

"Naelewa. Mpigie Bi Badriya. Akisema piga, nitapiga hata kabla hajakata."

Selipher akakata simu. Alikuwa amejenga uzio wa kumzuia Priscah, na leo alikuwa ameugonga kwa paji lake la uso. Kupiga mwenyewe hakuweza: namba hakuwa nayo, kwa kuwa kifungu cha nne, chake pia, kilimkataza mwenyekiti kukaa na orodha. Kiarabu chake kilikuwa cha jikoni, cha yalla na halas na mafi, yaani haya, basi na hakuna, na kafili angekisikia sekunde tatu kisha akauliza kafili wake mwenyewe ni nani. Kuwapigia polisi? Polisi wangeuliza mtaa na namba ya nyumba. Ubalozi ungeandika jina lake, kisha ungefunga mchana hadi Jumapili.

Bi Badriya hufungua duka saa nne na simu hufungua nalo. Alisikiliza, cherehani ikitembea taratibu nyuma ya sauti yake.

"Nani atasema upande wa pili?" aliuliza.

"Upande gani wa pili, Bi? Mtu amenyamaza."

"Huyo aliyenyamaza hayupo kusema kama ataka kupigiwa ama hataki. Wewe wamsemea anayetaka. Nani amsemee asiyetaka? Katiba yako yenyewe yasema jaji asikilize pande mbili. Au hiyo umesahau?"

Hakuwa amesahau. Katika kikundi kizima mtu mmoja tu alijitolea, na akapatikana saa tano, amejificha kwenye ngazi za nyumba ya bosi wake.

"Mimi nitasema," alisema Priscah, walipounganishwa wote watatu kwenye simu moja.

Selipher alitegemea kusikia furaha katika sauti hiyo. Hakuisikia.

"Madam Chair, nikuulize kitu. Wiki iliyopita Winfred alituambia nini? Si alisema bosi amempata na simu, akamwambia nikisikia tena watu wa nje wanajua mambo ya nyumba yangu, unaenda airport? Si alituomba sisi wote, jamani msinipigie bosi? Sauti iko hapo kwa group. Nani hakuisikia?"

"Niliisikia."

"Basi amekataa. Labda wamemnyang'anya simu tu, wiki ijayo atarudishiwa. Ukipiga, umemmaliza."

"Na kama amekufa, Priscah?"

"Na kama hajakufa?" Alinong'ona sasa, mtu alikuwa anapita. "Siku ya Risper nilikuwa na uhakika kuliko wewe. Niliapa. Uhakika ni kitu rahisi sana, mum. Huja wenyewe, hauulizi bei."

Cherehani ikasimama.

"Halas," alisema Bi Badriya. "Mwataka niamue kwa kukisia. Miye hata abaya sikati bila kupima. Mke wa huyo bwana ni mteja wangu, nyumba yake naijua. Nitasali adhuhuri, kisha nachukua teksi."

"Bi," alisema Selipher, ambaye mwaka mzima wa kadi ulikuwa umemwingia kwenye mifupa, "jaji haendi kutafuta ushahidi. Ushahidi huletewa."

"Na nani, mwanangu? Sitini na wawili nyote mmo ndani ya kuta za watu. Mtu pekee hapa mwenye ufunguo wa mlango wake mwenyewe ni miye."

Selipher akarudi jikoni. Kesho kulikuwa na wageni, na Madam Safa alitaka sinia nne za majani ya mzabibu yaliyokunjwa na wali. Akakunja. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni, imezimwa sauti, na kila alipokunja jani aliugusa mfuko kwa kiwiko kuhakikisha haijatetemeka. Saa sita na nusu. Saa saba. Nje joto lilikuwa la kumfanya paka atembee kwa mahesabu, na Riyadh, kila mtu anajua, huongeza nyuzi kadhaa juu ya Jeddah kwa ajili ya heshima ya mji mkuu.

Madam Safa akaingia, akainua jani moja kwa vidole viwili. "Selipher, hizi za nani? Za jeshi? Nataka nyembamba."

"Samahani, madam."

"Una homa?"

"Hapana, madam."

Akakunjua sinia nzima, akaanza upya. Hana alikuja kuchukua maji, akamwona usoni, akasimama.

"Hana," alisema Selipher bila kuinua kichwa, "katiba yako ikikataza kitu ambacho lazima kifanywe, wanafanyaje?"

"Si yangu. Ni ya Wamarekani."

"Wanafanyaje?"

"Wanabishana miaka mia." Hana akanywa maji. "Au wanasoma sentensi ileile tena mpaka iseme kitu kingine. Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Saa nane kasoro dakika tano mfuko ukatetemeka. Selipher alikwenda chumba cha kufulia akiwa na mchele mikononi. Ilikuwa sauti ya Bi Badriya, imetumwa kwa kikundi kizima, na nyuma yake upepo ulivuma kama mlango wa tanuri uliofunguliwa.

"Bismillahi. Nipo langoni. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Msudani, aniambia wenyewe waliondoka Jumanne adhuhuri, wamekwenda Jeddah, baharini. Yeye alidhani wameondoka wote. Kengele nimebonyeza, hailii. Sasa sikilizeni." Kulikuwa na kishindo cha mashine nyingi. "Hivyo ni viyoyozi vya nyumba za jirani. Vya nyumba hii vimenyamaza vyote. Umeme hakuna. Nimevua kiatu nikagonga lango mara tatu, nikangoja. Hakuna kitu. Nikagonga tena tatu. Kule juu, kwenye dirisha lenye vyuma, kitu kikagonga. Moja. Mbili. Nikangoja sana hiyo ya tatu, na ikaja."

Selipher akaketi juu ya kapu la nguo.

"Basi uamuzi wangu ndio huu. Kifungu chasema kwa ruhusa yake mwenyewe. Hakikusema ruhusa itolewe kwa mdomo. Asiyetaka kupatikana hagongi. Aliyegonga ameruhusu. Priscah, hoja yako nimeisikia na ilikuwa nzuri. Mubarak, piga."

Bwana Mubarak alipiga. Kafili alikuwa chini ya mwavuli kwenye ufuo wa Jeddah, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye majani ya mzabibu ya Selipher. Kwanza alikana. Kisha alikasirika. Kisha, katikati ya sentensi ya hasira, akanyamaza, na Bwana Mubarak alisema baadaye kwamba alimsikia mtu huyo akikumbuka. Kila safari, kabla ya kufunga mlango, alikuwa na desturi ya kushusha swichi kuu, kwa usalama. Aliishusha Jumanne pia. Alizima taa, viyoyozi, pampu ya maji, chaja ya simu ya Winfred iliyokuwa imekwisha chaji, na Winfred mwenyewe, akafunga mlango kwa nje, akaendesha gari kilomita mia tisa na hamsini akiwa na amani ya mtu asiyeacha kitu kikiwaka.

Ndugu yake wa Riyadh alileta ufunguo baada ya saa nzima na dakika kumi. Muda wote huo Bi Badriya alisimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, akigonga tatu, akingoja tatu. Mara mbili alipata moja tu. Selipher alikunja sinia ya pili, nyembamba kama sigara, na hakukumbuka hata jani moja.

Winfred alitoka kwa miguu yake, midomo imepasuka, ndoo tupu mkononi ambayo alikataa kuiachia hadi hospitali. Akawekewa dripu chupa tatu. Siku ya pili akala.

Kafili aliona haya, na haya ya mtu mwenye cheo hutafuta pa kutokea. Siku ya tano Winfred alipewa hati ya kuondoka nchini bila kurudi. Maelezo ya kafili yalikuwa kwamba nyumba yake haiwezi kuchungwa na wanawake sitini.

Ijumaa iliyofuata walikutana kwenye chumba cha nyuma cha duka la Bwana Mubarak, Balad, wanawake kumi na wanne juu ya mikeka kati ya majora ya vitambaa, wengine kwa simu. Malalamiko yalikuwa yamefika kwa maandishi, dhidi ya mwenyekiti. Kifungu cha sita kilisema mwenyekiti akishtakiwa hataongoza kikao. Selipher akahama, akaketi karibu na mlango, na Priscah akashika kiti kwa uso usiosema kitu. Wengi walidhani wanajua shtaka: kwamba Winfred alipigiwa kafili, kazi ikaenda. Walikuwa wamejiandaa kumwambia kwamba hai bila kazi ni afadhali.

"Winfred, tunakusikia," alisema Priscah. "Uko wapi?"

"Airport, Riyadh. Wamenipa simu yangu, imejaa chaji." Sauti ilikuwa ya kukwaruza. "Mimi sishtaki juu mlipiga. Nashtaki juu ya masaa saba na nusu ya kungoja. Nimesoma group yote. Saa kumi na mbili na nusu Madam Chair alijua. Saa nane Bi Badriya akagonga. Maji yangu yaliisha saa tatu. Hapo katikati mlikuwa mnasoma vifungu."

Sauti ikaendelea.

"Bosi alinifungia kwa kusahau. Nyinyi mlinifungia kwa kufikiria. Nani aliandika hicho kifungu?"

"Mimi," alisema Selipher.

"Ulipokiandika ulikuwa unanifikiria mimi?"

"Nilikuwa namfikiria Priscah."

Priscah, kitini, aliangalia mkeka. Kisha akasema, kwa sauti ya kusoma ratiba, "Mshtakiwa ana la kujitetea?"

Alikuwa nalo. Angeweza kusema kwamba bila jaji kwenda, kafili angesema msichana yuko mzima, asante, kisha akakata simu, na hakuna ambaye angekuwa amesikia kugonga. Ilikuwa kweli, na aliijua hoja hiyo hadi mwisho wake. Alifungua mdomo, akaiona akilini ile ndoo tupu ya Winfred.

"Sina," alisema.

Adhabu ilikuwa moja, kuondolewa kwenye kiti, kwa theluthi mbili ya wanachama, yaani vidole arobaini na viwili. Vikaanza kuingia kwenye simu. Selipher alipiga kura ya kujiondoa, kwa kuwa aliona ndivyo haki ilivyotaka. Priscah alisoma matokeo mara mbili. Vidole thelathini na tisa. Hakuondoka.

"Winfred mwenyewe amesema abaki," alisema Priscah, akishangaa mbele za watu.

"Nilishtaki ili asikie," sauti ilisema kutoka Riyadh. "Sikushtaki ili wewe urudi."

Chumba kikacheka, kicheko cha kwanza tangu waingie, na Priscah akacheka wa mwisho na kwa muda mrefu zaidi. "Haya, shetani wewe. Kifungu cha saba basi. Kinabadilishwa namna gani? Semeni haraka, mtu ana ndege."

"Kila mtu atoe ruhusa leo, mapema, akiwa mzima," alisema Winfred. "Na kabla ya kumpigia bosi yeyote, mtu aende akagonge. Asubuhi hiyohiyo."

"Nani aende?" aliuliza Selipher, kalamu mkononi. "Wote tuko ndani."

Mmoja akasema madereva. Mwingine akasema dereva ni wa bosi, atasema. Bi Badriya, kwa simu, akasema yeye ataiweza Riyadh, mradi teksi isiwe ya mfuko wake, lakini Jeddah je? Bwana Mubarak akaitwa kutoka dukani. Akasema mwanamume akigonga lango la nyumba yenye wanawake peke yao, itabidi na yeye atafutwe. Huko Riyadh kipaza sauti kikataja Nairobi. Winfred akasema anaenda, wamwandikie watakapoamua, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kikundi mtu akajitoa mwenyewe kwa kidole chake.

Waliendelea kubishana hadi karibu na magharibi. Selipher alikuwa ameandika nusu ya kifungu, na nusu iliyobaki ilikuwa jina la mtu wa kwenda kugonga. Akakunja karatasi, akavaa abaya, akatoka kutafuta teksi, maana langoni kwa Madam Safa nako kulikuwa na saa yake.